Nilivyokwenda Kumtania Lukelo Houston

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye sokoni au nje ya kanisa ananiuliza swali lile lile: Mwalimu, eti ni kweli ulimtukana maiti huko Marekani, mbele ya wanajeshi? Nimechoka kujibu kidogo kidogo. Mmoja anaondoka na kichwa cha hadithi, mwingine na mkia, halafu inanirudia siitambui. Kwa hiyo naandika mara moja, msome wote. Ndiyo, nilimtukana. Nilisafirishwa bara zima na bahari juu yake niende kumtukana.

Kwa vijana ambao siku hizi wanafikiri utani ni mizaha ya redioni, nianze na hili. Mimi ni Mngoni, ingawa nimefundisha jiografia Iringa zaidi ya nusu ya umri wangu. Wahehe ni watani zetu. Mababu zao na mababu zetu walichinjana vibaya, na vita ilipowachosha wakaamua kutukanana badala ya kuuana, na kuzikana. Mtani anaingia msibani anacheka. Anamshika maiti pale ndugu wanaposhindwa, anamwigiza marehemu, analizibia jeneza njia mpaka apewe kitu. Ndugu hawaruhusiwi kununa.

Baba yake Lukelo, Mhehe, nilifundisha naye shule moja. Alipofariki nililala ndani ya kaburi lake, nikagoma kutoka mpaka nikapewa jogoo. Lukelo alikuwa mdogo wakati ule, na alicheka mpaka akasahau kulia. Baadaye mama yake alipata njia ya kwenda Texas, akaondoka naye. Miaka ikapita, kijana akakua huko, akacheza mpira wa ajabu ambao nitaueleza, akaoa, akajiunga na jeshi lao. Siku moja Mama Lukelo akanipigia simu.

"Mtani, Lukelo amekufa Iraki. Gari lao lilikanyaga bomu. Njoo unizikie mwanangu, huku hakuna wa kunitania."

Iringa hadi Dallas

Mambo ya visa na tiketi nayaruka, yangewachosha kama yalivyonichosha mimi. Sandukuni niliweka suti moja, na chini yake koti langu la kazi. Mnalijua. Ni lile la mvua lililotoboka kwapani, ambalo huligeuza nje ndani kwenye misiba ya Wahehe, pamoja na kofia ya gunia. Mke wangu aliniuliza kama nina hakika na koti hilo. Nilimjibu kwamba mtani haendi msibani amevaa kama mbunge.

Ndege ilichelewa Dar kwa sababu ambayo hakuna aliyetaka kuisema, na tulipofika Amsterdam ile ya Dallas ilikuwa imeshaondoka. Nikabaki kwenye viti na mama mmoja wa Kighana aliyekuwa akirudi kwa wanawe. Alinigawia wali wake wa kwenye kopo, una pilipili ya kumtoa mtu machozi, nami nikaona nafuu kupata kisingizio. Akaniuliza naenda kufanya nini. Nikasema naenda kuzika. Ndugu yako? Hapana, nikasema, adui yangu. Akasogeza mkoba wake upande wa pili, ikabidi nieleze utani kwa Kiingereza mpaka ndege yake ikaitwa. Sidhani kama alielewa, ila aliniachia wali uliobaki.

Dallas, afisa wa forodha alifungua sanduku, akaligusa koti kwa vidole viwili kama kitu kilichookotwa mtaroni. Akauliza ni nini. Nikasema ni nguo za msiba. Akaniangalia, akaangalia koti, akalirudisha na kusema pole. Huyo ndiye Mmarekani wa kwanza niliyezungumza naye, na sina la kumlaumu.

Grand Prairie

Mama Lukelo anaishi Grand Prairie, kando ya Dallas, kwenye nyumba za kupanga zinazotazamana na mabohari, malori yanaingia na kutoka kutwa. Alipofungua mlango nilianza kazi yangu pale pale.

"Mla mbwa wewe, nimepita mitaa yote hii sijasikia hata mmoja akibweka. Umewamaliza?"

Miaka yote jibu lake ni moja, kwamba sisi Wangoni ni wakimbizi tuliotoka kusini tukimkimbia Shaka wa Wazulu na hatujapumzika mpaka leo. Nililisubiri. Yeye akasema tu, "Karibu, Mtani," akachukua sanduku langu. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mhehe asiyejibu utani ni mgonjwa.

Alipika ugali kwa unga wa Wamexico na mboga za majani manene, akapakua sahani tatu. Ya tatu aliifunika na kuiweka juu ya jiko. Sikuuliza ni ya nani.

"Nime-call off kazini," alisema. Kazi yake ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunza, kuwaogesha, kuwalisha. "Mtani, wazee wangu wakifa mimi ndiye nawaosha. Nimewaosha wengi. Sijawahi kuambiwa nisiangalie. Sasa mwanangu yuko ndani ya sanduku, watu wa jeshi wananiambia Ma'am, we don't recommend. Hawa-recommend nini? Nazika nini mimi?"

"Ni Lukelo. Wasingekosea."

"Umemwona?"

Nikasogeza sahani yangu pembeni.

"Basi usiseme ni Lukelo. Wewe ni mtani, mlango haufungwi mbele yako. Ingia umtazame, uje uniambie ni yeye. Nikisikia kwako nitazika."

Nikakubali. Ningefanya nini?

Kesho yake nilitoka kwa miguu kwenda kununua chumvi, duka naliona kwa macho. Magari matatu yalisimama, kila dereva akiuliza kama gari langu limeharibika. Wa nne alikuwa polisi. Nilimwambia sina gari, natembea tu, akanifuata taratibu nyuma mpaka dukani na kunisubiri mpaka nikatoka. Lilikuwa jua kali la kuchemsha lami. Nilirudi na chumvi na aibu, na kwa muda mfupi nilitamani Lukelo angekuwepo anicheke.

Plano

Aliyekuja kunichukua ni Glenn, Mwaustralia mwenye shingo nyekundu na sauti ya juu. Alikuwa bosi wa Lukelo katika ofisi moja kubwa huko Plano, mji jirani, kijana alipokuwa akisambaza barua na kubeba kompyuta. Nimefundisha nusu ya maisha kwa Kiingereza, lakini Kiingereza cha Glenn nilikiambulia kwa kukadiria. Nilimwomba anionyeshe uwanja wa Lukelo. Kwetu mchezaji akifa, unakwenda kuona alipochezea.

Alisimamisha gari kando ya bustani kubwa ya majani. Hakukuwa na uwanja. Watoto wawili walikuwa wakirusha tiara, basi. Glenn akafungua nyuma ya gari lake na kunionyesha mabomba marefu ya plastiki meupe. Alisema hayo ndiyo nguzo za magoli, manne kila upande. Wanayasimika asubuhi ya mechi na kuyang'oa jioni, kwa sababu hakuna Mmarekani anayeujua mchezo wao wa Kiaustralia wala wa kuwajengea uwanja.

Akanieleza. Mpira wenyewe umekaa kama yai la mbuni, mwekundu. Unaupiga kwa mguu, unaudaka kwa mikono, uwanja ni wa duara refu. Sifa kubwa ni kudaka juu. Mtu anaruka, anakanyaga mgongo wa mwenzake kwa goti, anapanda mpaka mabegani kama mtu anayekwea mti, na kuuchukua mpira kule juu. Si kosa, hata aliyekandamizwa hushangilia. Walikuwa wamepungukiwa na mchezaji, Glenn akamwita kijana wa barua ajaze nafasi. Alimkanyaga Glenn mwenyewe mgongoni siku ya kwanza.

"Hakuwahi kuomba radhi," Glenn alisema, akicheka. Halafu akakaa kwenye ukingo wa gari, kicheko kikamwishia.

Akaniambia habari ya kidole. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilivunjika Lukelo alipokuwa akidaka juu. Glenn alikifunga kwa plasta, kijana akarudi uwanjani, hakwenda hospitali, kikapona kimepinda kwenda nje. Nyumbani alimwambia mama yake kimebanwa na mlango wa bohari alikokuwa akifanya kibarua cha usiku. Mama hakuupenda mchezo ule, aliuona wa kuvunjana shingo. Jeshini hakuona shida, eti huko angalau kuna mshahara na chuo.

Nikakishika kidole kile moyoni. Uso unaweza kuharibika, nilijiambia, lakini nikiona kidole kilichopinda nitamwambia mama yake ni yeye, bila kusitasita.

Glenn aliniuliza nitasema nini mazishini. Nikamwambia nitamtukana. Nilijiandaa kueleza tena kama kule Amsterdam, lakini yeye aliitikia kwa kichwa tu na kusema sawa, maana wengine wote watamsifu.

Barabara ya Houston

Mwili ulikuwa Houston kwa sababu mke wa Lukelo, Furaha, anaishi huko kwa wazazi wake, naye ndiye aliyechagua mahali pa kuzikia. Mama Lukelo hakubisha. Alituendesha rafiki yake wa kazini, nesi Mkenya aitwaye Nyambura, mwanamke mnene mchangamfu ambaye gari lake lina Biblia mbele na viatu nyuma.

Katikati ya safari ikashuka mvua ambayo sijapata kuiona. Barabara ilipotea.

"Hii mvua ni noma," Nyambura alisema. "Mwalimu, wacha ni-park hapo kwa gas station. Siwezi ku-drive nikiwa kipofu."

Mle ndani waliuza nyama ya kuchoma. Tuliletewa sinia la kulisha darasa zima, nyama nyeusi kwa nje, laini kama ndizi ya kuiva, na glasi za chai ya barafu zenye ukubwa wa ndoo. Nyambura alimsogezea Mama Lukelo.

"Kula kidogo tu, mamii. Hujaweka kitu kwa tumbo tangu jana."

Hakula. Alikuwa akitazama mvua. Mimi nilikuwa nikiwaza mababu. Wahehe wa Mkwawa na watu wetu walimwagiana damu, na leo mimi ndiye nimeagizwa nimzike mjukuu wao. Waliotega lile bomu nao wana mababu na wajukuu. Sijui kama kuna mtu yeyote huko atakayekuja siku moja kututania, na sijui kama tutamwelewa.

Mama Lukelo akanigeukia.

"Mtani, sikiliza. Kesho ukitoka mle ndani, usinitanie. Nimekuita unitanie, najua. Lakini kwa hilo moja, niambie ukweli mtupu. Nikikuuliza ni yeye, unijibu kama mtu, si kama mtani."

"Nitakujibu."

"Uape."

Nikaapa, mkononi nikiwa na kipande cha nyama.

Gulfton

Baba yake Furaha ni Mkongo wa Uvira. Wanaishi Gulfton, mtaa wa Houston, kwenye majengo yaliyobanana, nguo zimeanikwa kila roshani, watoto wanacheza kwenye maegesho wakigombana kwa Kiingereza na Kispanyola. Tulikuta wanawake wa kanisa lao wameshajaa, wamepika fufu, sombe, yaani kisamvu, na dagaa. Furaha alikuwa amekaa sakafuni amejifunga kitenge kichwani. Alimkumbatia mkwe wake, wakakaa pamoja pale sakafuni.

Baba Furaha alinisogezea kiti na kuongea kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili cha kwao ambacho "ndiyo" ni "njo".

"Mwalimu, siye tulikimbia vita kule Uvira. Tulilala mu pori, tulizika batoto mu njia. Tulifika huku, nikasema sasa imeisha. Njo kusema vita ilitufuata tu. Ilikuja ku mulango ya nyumba yangu, inavaa nguo ya mukwe, nikaifungulia, nikaipatia na mutoto yangu."

Sikuwa na la kumtania. Na yeye si mtani wangu. Nikala sombe yake, nikamwambia ni tamu, na ilikuwa tamu kweli.

Asubuhi tulikwenda nyumba ya kuhifadhia maiti. Suti nilivaa, koti la kazi likabaki kwenye buti ya gari la Nyambura. Afisa kijana wa jeshi alitupokea, mpole, viatu vinang'aa. Aliuliza nina uhusiano gani na marehemu. Nikatafuta neno la Kiingereza, likakataa kuja.

"Mimi ni mtu wa kumtukana," nikamwambia.

Afisa alimtazama Nyambura. "Uncle," Nyambura akasema haraka. "He is the uncle."

Furaha alisema hataki kuingia, ila mimi niruhusiwe. Mama Lukelo alibaki nje, kwenye benchi juani, mkoba mapajani. Wakanionya tena. Kisha wakafungua jeneza.

Ndani kulikuwa na blanketi la kijani, limekazwa na kufungwa kwa pini kutoka juu mpaka chini. Juu ya blanketi walilaza sare mpya ya jeshi, imenyooshwa vizuri, vifungo vinang'aa, medali ziko mahali pake. Hakukuwa na uso. Mikono ya sare ilikuwa bapa. Niliutazama mkono wa kushoto mpaka mwisho wake, pale ambapo kidole kingekuwepo, nikaona kitambaa cha ndani ya jeneza. Na kilichofungwa ndani ya blanketi kilikuwa kifupi. Lukelo, kwenye picha za mama yake, alikuwa mrefu kuliko baba yake.

Nimewashika maiti wa Wahehe wengi, wakiwemo waliokufa vibaya. Siku ile ni yule afisa aliyenishika kiwiko na kunitoa.

Nilipotoka Mama Lukelo alisimama. "Ni yeye?"

Nilikuwa nimeapa. Ukweli mtupu ulikuwa kwamba sijui, na niliyoyaona sikuweza kumwambia mama mtu. Kama angeniachia utani wangu ningepata pa kupitia.

"Nimeingia, Mama Lukelo," nikasema.

Nadhani jina ndilo lililomwambia. Tangu tufahamiane sijawahi kumwita kwa jina lake uso kwa uso, ni mla mbwa tu siku zote. Alinitazama, akakaa tena kwenye benchi, akafungua mkoba, akaufunga.

Makaburini

Makaburi ya wanajeshi ni mawe meupe yaliyopangwa mistari, yote sawa, huwezi kujua nani alikuwa mcheshi na nani alikuwa bahili. Mchana huo watu walijaa: Wakongo na nyimbo zao, Wakenya wachache kutoka Dallas, na Waaustralia wa timu yake wamevaa jezi juu ya mashati yao. Glenn alikuwa na macho mekundu. Mimi nilisimama nyuma kama mgeni yeyote. Niliona sina haki tena ya kufungua mdomo.

Wanajeshi walijipanga nyuma ya gari. Mlango wake ulikuwa haujafunguliwa. Ndipo Mama Lukelo alipogeuka, akanitafuta kati ya watu, akasema kwa sauti kila mtu asikie.

"Mngoni. Koti lako liko wapi?"

Sikuelewa mara moja.

"Nakuuliza koti lako liko wapi. Umekuja kwa mwanangu umevaa kama shemasi?"

Nilikimbia. Mzee wa umri wangu, nilikimbia mpaka kwenye gari la Nyambura, nikavua suti, nikaligeuza koti nje ndani, nikavaa gunia kichwani. Niliporudi jeneza lilikuwa tayari mikononi mwa wanajeshi linakuja. Nikalala chali katikati ya njia.

Wakasimama. Si kwamba walitaka, lakini mtu hawezi kumkanyaga mzee. Afisa alikuja mbio, uso mweupe. Baba Furaha akamwekea mkono kifuani kwa upole.

"Mumuache," alisema. "Njo kazi yake."

"It's custom, sir," Nyambura akaongeza. "Lazima apewe kitu. He must be given something."

Afisa aliuliza nataka nini. Sikutaka jogoo safari hii. Nikasema, bado nimelala, nataka mpira wake. Glenn alikuwa ameshaanza kukimbia. Akaleta ule mwekundu, mkuukuu, umechubuka. Nikainuka, nikamgeuza Glenn anipe mgongo, nikamwekea goti juu ya kiuno. Alielewa. Akainama, akanishika miguu, akaninyanyua juu na koti langu bovu, na mpira nikauinua kwa mikono yote miwili juu ya watu.

"Lukelo," nikapaza sauti, "Mhehe mwongo wewe. Mama yako ulimwambia kidole kilibanwa na mlango wa bohari. Mlango gani? Kimepinda kwa kupanda watu migongoni kama nyani, na dawa yake ilikuwa plasta ya huyu Mzungu. Umewakanyaga wenzako wote hapa, hukuomba radhi hata mmoja. Mtoto wa watu umemwachia sakafu. Mimi mzee umenileta kwenye jua hili nikapanda mgongo wa bosi wako. Huna adabu, ukubwani kama utotoni. Na huko uendako ukimkuta baba yako mwambie jogoo wake nilimla bila chumvi."

Waaustralia hawakujua neno hata moja. Walisikia Lukelo na kuona mpira, wakaanza kupiga makofi.

Kisha nikamsikia Mama Lukelo.

"Shuka, mkimbizi wewe," alisema. "Shuka utavunjika kiuno. Umemkimbia Shaka kote huko uje kufia kwangu?" Akacheka. Alicheka akiwa ameinama, ameshika magoti, na kicheko kikageuka katikati kikawa kilio, kile cha kwetu, kinachotoka chini kabisa. Furaha alikuja kumshika. Nikashuka mgongoni mwa Glenn, nikatoka njiani, jeneza likapita.

Kurudi

Njiani kurudi Grand Prairie Mama Lukelo alikula. Nyambura alisimama pale pale kwenye ile nyama, Mama Lukelo akamaliza yake na kumega yangu. Nyumbani sahani zilikuwa tatu tena, lakini ya tatu ilikuwa ya Nyambura.

Safari ya kurudi haikuwa na cha kusimulia, ila mtoto mmoja Amsterdam alitaka kujua mpira wangu umefanywa nini ukawa mrefu vile. Sasa uko juu ya kabati. Vijana wa mtaa waliuomba wakauchezea siku moja, wakaurudisha. Wanasema unadunda bila akili.

Mama Lukelo hupiga simu Jumapili. Namwita mla mbwa, ananiita mkimbizi. Hupenda nimsimulie tena habari ya kidole, kilivyovunjika, Glenn alivyokifunga, uongo wa mlango wa bohari. Nimemsimulia mara nyingi. Mpaka leo hajaniuliza kama nilikiona.